Shahidi wa Asubuhi

Jumanne, 4 Novemba

Pointi mbili bado. Leseni ya mwakani haitoki bila pointi za masomo, na mwaka umeisha. Nimejiandikisha kozi za mtandaoni, zote za bure. Za kulipia zina hoteli ya ziwani, chakula cha kujipakulia na picha ya pamoja. Za bure zina mtu anayesoma slaidi. Pointi ni zile zile.

Kawaida yangu: naingia, naegemeza simu kwenye thamosi ya chai, naendelea na kazi. Wakiomba majina tunaandika majina. Mawakili wote ninaowajua hufanya hivyo. Kuna mmoja wa Kericho aliyepata pointi akiwa anang'olewa jino.

Leo ilikuwa kozi ya mirathi, saa mbili nzima. Nimeandika barua nne. Aliyesikiliza ni Naomi, karani wangu, tena anasema mwalimu ana sauti tamu. Pointi moja. Bado moja.

Alhamisi, 6 Novemba

Naandika ili nijue kilichotokea kwa mpangilio.

Kozi ilikuwa ya kulinda habari za wateja. Saa nane mchana. Nilikuwa nimeshaingia, simu iko mahali pake, nikasikia Kogo Tapsabei anapanda ngazi. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na huku Litein kila mtu anamwita hivyo. Aliingia amelowa, hana miadi, akakaa.

Kesi yake ndiyo ninayoipenda na kuiogopa kuliko zote zilizo kabatini. Kogo hakujaliwa mtoto. Mila ya kwao inaruhusu mwanamke kama yeye kuoa mwanamke mwenzake, ili nyumba yake isizimike. Akamuoa Chelangat, akatoa ng'ombe, wakafungana nyasi mkononi mbele ya watu. Chelangat akazaa watoto watatu, watu wazima sasa. Mume wa Kogo alikufa na shamba lingali kwa jina lake. Ekari mbili za majani chai. Sasa wana wa shemeji yake wamejitokeza. Wanasema hakuna ndoa iliyowahi kufungwa, Chelangat alikuwa kibarua wa kuchuna majani tu, basi yeye na watoto watoke.

Korti inaitambua mila hiyo, mradi awepo mtu wa kuithibitisha. Waliokuwa kwenye ile sherehe wamekwisha wote isipokuwa mmoja. Mzee arap Mosonik, aliyeifungisha. Anaishi Siongiroi kwa binti yake. Kesi inasikizwa Jumatano tarehe 19.

Kogo akasogeza kiti karibu nami, akasema, "Wakili, huyo mzee ni wa asubuhi. Asubuhi anakumbuka mpaka rangi ya ng'ombe. Ikipita saa saba, hapana. Anaita mimi kwa jina ya dada yake. Si utaita yeye mapema?"

Nilishtuka. Taarifa ya mzee ilichukuliwa na Naomi, maana yeye ni wa lugha yao, na aliichukua asubuhi. Sikushuku kitu. Lakini taarifa haitoshi. Lazima mzee asimame na aulizwe maswali.

Nikamwambia Kogo asimwambie mtu. Nilisema haya kwa mdomo wangu mwenyewe: upande wa pili wakijua, hawahitaji kumhonga mzee wala kumtisha. Wanahitaji tu kuisukuma kesi mpaka baada ya chakula cha mchana.

Alipoondoka nilichukua simu. Maikrofoni yangu ilikuwa wazi. Alama ya kijani. Kwenye ujumbe wa pembeni msimamizi ameandika mara mbili: Wakili Adhiambo, tafadhali zima maikrofoni.

Nikashuka kwenye orodha ya waliohudhuria. Zaidi ya mia. Katikati yao, Wakili Rono. Wakili wa wana wa shemeji.

Ijumaa, 7 Novemba

Sikufanya kazi yoyote. Nimehesabu. Kogo alikaa kama robo saa. Robo saa nzima maikrofoni wazi. Au iliwashwa nilipoisogeza simu kutoa faili? Sikumbuki niliisogeza lini.

Mwalimu alisema mwishoni kwamba kozi imerekodiwa, na kila aliyejiandikisha atatumiwa. Lini? "Baada ya wiki mbili hivi." Sauti ya Kogo itatumwa kwa watu zaidi ya mia. Na sauti yangu, nikimfundisha adui namna ya kunishinda.

Niliwaandikia waandaaji barua pepe kuomba kipande hicho kikatwe. Nikaifuta. Kuuliza ni kukiri. Ukikiri kwamba umemwaga siri ya mteja kwenye kozi ya kulinda siri za wateja, utaitwa kujieleza, na wote watakuwa wanacheka. Nikiwa wao ningecheka pia.

Naogopa. Sina neno lingine.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani pastor aliomba walio na mzigo wasimame. Sikusimama. Chelangat alisimama, safu tatu mbele yangu, na binti yake wa mwisho akamshika mkono.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekutana na Rono mahakamani Kericho, kwenye baraza, akila ndizi. Ni mtu wa adabu. Hilo ndilo linalonitisha kwake. Wakali huwa nawaona wakija.

"Wakili, niliona jina yako kwa ile kozi ya Alhamisi."

Nikamuuliza kama alisikiliza.

"Kiasi. Ilikuwa na kelele mob." Akacheka, akatafuta pa kutupa ganda. "Na Kogo wako ako aje?"

Ako aje. Mbona aulize? Hajawahi kuniuliza. Nilimjibu ni mzima, nikajifanya naitwa na mtu. Nilijifungia kwenye choo cha wanawake mpaka alipoondoka. Kelele nyingi. Ni sisi ndio tulikuwa kelele. Mimi na Kogo.

Jumatano, 12 Novemba

Niliandika barua kwa mahakama kuomba kesi yetu ianze asubuhi, saa tatu kamili. Sababu? Uzee wa shahidi. Nikaisoma kwa macho ya Rono. Kama alikuwa na shaka, barua hii inaiondoa. Lazima apewe nakala. Akiisoma anasimama: Mheshimiwa, mwenzangu hasemi yote, mimi nilisikia kwa masikio yangu. Halafu anaeleza alisikia wapi.

Nikaichana. Naomi aliona vipande kwenye pipa, akaniangalia. Nimemfokea kwa sababu ya wino wa printa. Hakuwa na kosa.

Ijumaa, 14 Novemba

Nilikwenda kumwambia Kogo. Kweli nilikwenda. Nilimkuta kwenye kituo cha kupimia majani na kikapu chake, akingoja lori la kiwanda. Kila mtu anamsalimia. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nimeyapanga njiani: Kogo, nimekosea.

Aliwaambia wanawake waliokuwa pale, "Huyu ndio wakili yangu. Ni Mjaluo lakini ni wetu, alizaliwa hapa kwa kambi." Ni kweli. Baba alikuwa fundi kiwandani mpaka alipostaafu, nami nilizaliwa kwenye nyumba za kampuni. Kikipsigis nakielewa, kukisema nakisema kama mtoto wa nasari. Wale wanawake walinisalimia kwa mkono mmoja mmoja. Chamgei, wakili. Chamgei.

Nitamwambiaje mtu mbele ya hayo? Nilirudi na kibuyu cha mursik, maziwa ya kuganda, alichonipa, na maneno yangu bado yako mdomoni. Mimi ni mwoga. Nimejua leo.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimepanga ushahidi wote: Kogo kwanza, kwa kifupi, kisha mzee mara moja. Saa nne na nusu awe amemaliza. Jaji huyu hachelewi. Binti wa mzee atamleta kesho, walale kwa Kogo, waondoke mapema na gari la jirani.

Kama Rono hakusikia, tutashinda. Najua tutashinda. Taarifa ya mzee ni safi na wale wana wa shemeji wanapingana wao kwa wao.

Kama alisikia, atasema neno moja tu. Nimelisubiri neno hilo siku kumi na moja.

Jumatano, 19 Novemba

Amelisema.

Saa tatu kasorobo tulikuwa ndani. Mzee alikaa kati ya Kogo na Chelangat, fimbo kati ya magoti, macho yanang'aa. Alinisalimia kwa Kiswahili cha zamani, akamuuliza Naomi kama babake alipona mguu. Alikuwa anamkumbuka Naomi kutoka siku ile ya taarifa. Alikumbuka mpaka mguu wa babake.

Kesi ikaitwa. Rono akasimama, akainama, akasema kwa ile adabu yake kwamba ana shauri jingine Bomet asubuhi hii, la dharura, na anaomba hili letu liwekwe saa nane na nusu. Hataki kuahirisha, anaomba mchana tu.

Mchana tu.

Jaji akanigeukia. "Wakili, una pingamizi?"

Nilikuwa na pingamizi. Lilikuwa limekaa nyuma yangu na fimbo yake. Ningesema: Mheshimiwa, shahidi wangu ni mzee sana, akili yake ni ya asubuhi, naomba tumsikize sasa, Rono akirudi atamuuliza maswali kesho asubuhi. Sentensi moja. Jaji huyu angekubali, ana mama mzee, kila mtu anajua.

Lakini nilimwangalia Rono naye aliniangalia, na niliona anatabasamu. Nikaona akinyanyuka na kusema alikosikia. Nikaona leseni yangu. Nikaona jina langu likisomwa.

Nikasema, "Hakuna pingamizi, Mheshimiwa."

Kogo alinivuta shati kwa nyuma. Kidogo tu, mara mbili. Sikugeuka.

Tulikaa nje kwenye benchi kwa zaidi ya saa tano. Saa sita mzee alikuwa bado anasimulia. Saa saba akanyamaza. Saa nane alimuuliza binti yake ni harusi ya nani tumekuja. Nilimnunulia chai yenye sukari nyingi, nikamnawisha uso, nikajisikia mjinga. Kogo alikuwa anamwangalia mzee tu.

Kogo alitoa ushahidi wake vizuri. Halafu mzee akapanda. Mkalimani alimuuliza jina lake, akalipata. Mimi nilimuuliza kuhusu sherehe, akaomba nirudie, nikakaa chini. Rono akamuuliza, taratibu, bila kumkemea, huyu mama aliyekaa pale ni nani. Mzee akamwita Kogo jina la dada yake aliyekufa zamani. Na yule kando yake? Mzee alimtazama Chelangat muda mrefu.

"Ni msichana wa kuchuna majani."

Mkalimani alitafsiri, jaji akaandika. Chelangat hakulia. Alifunga kitambaa chake upya kichwani, akakaa vizuri. Mwanawe mkubwa alitoka nje.

Rono akasema hana maswali zaidi. Tumepewa tarehe ya Januari kuwasilisha hoja za mwisho.

Alhamisi, 20 Novemba

Sikwenda ofisini.

Ijumaa, 21 Novemba

Rekodi imekuja. Pamoja nayo cheti chenye jina langu na ua pembeni. Hongera, umepata pointi moja. Leseni ya mwakani ninayo.

Nilifunga mlango, nikamwambia Naomi asipitishe mtu. Nikasogeza rekodi mpaka saa ya Kogo. Mwalimu anasoma slaidi. Halafu jina langu likatokea chini ya skrini, mraba mweusi wenye ukingo wa kijani. Nikazima sauti. Nikakaa. Nikawasha.

Mvua.

Mvua ya mchana juu ya mabati ya jengo letu. Hakuna kingine. Inanguruma mpaka mwalimu mwenyewe hasikiki. Anakatiza, anasema, "Kuna mtu ako kwa mvua huko, tafadhali zima maikrofoni." Wengine wanacheka. Mvua inaendelea. Nilisikiliza robo saa yote nikiwa nimebana simu sikioni, nikitafuta neno moja la Kogo au langu. Hakuna. Tulikuwa tumesogeleana vichwa ndiyo tukasikizana, sasa nakumbuka. Mvua ilitufunika wote wawili.

Rono hakusikia. Kelele mob, alisema. Alikuwa anasema ukweli mtupu.

Nikampigia karani wa mahakama ya Bomet, nikijifanya natafuta faili. Ndiyo, Wakili Rono alikuwa huko Jumatano asubuhi. Shauri la dharura.

Hakuna aliyenifanyia kitu. Nilimfanyia Kogo mimi, mbele ya jaji, kwa maneno matatu.



Jumatatu, 24 Novemba

Nimemwambia.

Alikuwa shambani na Chelangat, kila mmoja na mstari wake. Niliingia kwenye majani na viatu vya ofisi. Nilisema yote bila kupumzika: kozi, simu, Rono, barua niliyoichana, siku ya kituoni niliporudi na kibuyu. Halafu rekodi. Halafu kwamba nilinyamaza kwa ajili ya leseni yangu. Nilisema hivyo hivyo, sikutafuta neno laini.

Walikuwa wameacha kuchuna. Kogo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Siri gani?"

Nikamwambia, hiyo ya mzee kuwa wa asubuhi.

"Hiyo si siri. Siongiroi yote inajua. Hata hao vijana ya shemeji wanajua, walikuwa wanatumwa kwake wakiwa wadogo." Hakupaza sauti. "Mimi nilikuambia ndio useme kortini."

Nilikuambia ndio useme. Nimeyaandika neno kwa neno.

Chelangat ndiye aliyekasirika. Aliniambia nitoke kwa shamba yao. Alirudia, "kwa shamba yetu," akijipiga kifua kwenye neno hilo la mwisho. Nikageuka kwenda. Kogo akaniita.

"Sasa utasema?"

Nikamweleza njia iliyobaki. Naweza kuiomba mahakama mzee aitwe tena, asubuhi. Ombi hilo linahitaji hati ya kiapo, na kiapo lazima kieleze kwa nini nilisema sina pingamizi. Yaani yote. Jaji atasoma, Rono atasoma, na waliopewa kazi ya kutuadhibu mawakili watasoma. Jaji anaweza kukataa. Hata akikubali, Kogo ana haki ya kutafuta wakili mwingine, na ningempa faili leo hii.

Alifikiri huku akichuna. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, kikapuni.

"Andika wewe," akasema. "Wewe ndio unajua vile uliogopa."

Jumanne, 25 Novemba

Kiapo kimekamilika. Kurasa nne. Mimi, Adhiambo, wakili, naapa na kusema kama ifuatavyo. Naomi alikichapa. Alipofika aya ya tisa, ile ya leseni, alisimama, akaenda dirishani, akarudi akamalizia. Nilimwomba msamaha kwa siku ile ya wino. Alisema hata alikuwa amesahau. Hakuwa amesahau.

Bado naogopa. Nilidhani nikishaandika itaisha. Haijaisha, ila sasa najua ninaogopa nini.

Alhamisi, 27 Novemba

Siongiroi, saa moja na nusu asubuhi. Tuliondoka Litein na giza, mimi na Kogo mbele, Chelangat nyuma. Hakunisalimia, lakini alikuja.

Nilitaka kiambatanisho cha ombi: maneno ya mzee, yachukuliwe asubuhi, saa iandikwe juu ya ukurasa. Binti yake alikuwa anakamua. Mzee alikuwa kwenye kiti nje, upande wa jua. Alipotuona alimwita Kogo jina lake. Jina lake mwenyewe, Tapsabei. Alimwita Chelangat mke wa Tapsabei, akamuuliza kama yule mtoto wake wa kwanza bado anakula udongo.

Chelangat akacheka, mkono mdomoni. Kijana huyo sasa ana ndevu.

Nikatoa daftari. Hakuhitaji maswali. Alianza na ng'ombe: mwekundu, mweusi mwenye nyota, yule wa kijivu aliyegoma kuvuka mto mpaka akasukumwa na wanaume wanne, na mmoja wao akapoteza kiatu. Alisema nani alisonga ugali wa wimbi. Alisema nani alilewa akalala kwenye zizi. Alisema nyasi za segutiet zilikatwa na nani na upande gani wa kilima, na jinsi mikono ya Chelangat ilivyokuwa ya baridi alipomsogeza afungwe. Alionyesha fundo kwa vidole vyake, hewani. Kogo alinyoosha mkono wake bila kuambiwa, na mzee akalifunga fundo lisilokuwepo, polepole, akalikaza.

Niliandika kurasa sita. Binti yake alinisaidia maneno yaliyonishinda. Nikamsomea yote, akasahihisha rangi ya ng'ombe mmoja, akaweka dole gumba.

Halafu akaniuliza tunaondoka saa ngapi.

Hapo ndipo nilipoona amevaa koti na tai. Binti yake alisema ni kila asubuhi tangu wiki ile ya korti. Anaamka, anaomba koti, anasema leo ndiyo kesi ya Tapsabei na asicheleweshwe.

Kogo alimjibu kwa lugha yao kwamba bado kidogo. Mzee akakubali, akaweka fimbo kati ya magoti, akakaa kungoja.